Nyama na mfongo wake

Msomaji wa Boma Ng'ombe anauliza: "Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 26, ni dereva wa bodaboda. Wiki tano zilizopita aligongwa na gari, mguu ukavunjika ugokoni na kidonda kikawa wazi. Hospitali wamemwekea vyuma vya nje. Sasa kidonda kilicho juu kidogo ya kifundo, ukubwa wa kiganja cha mtoto, hakifungi na mfupa unaonekana. Madaktari wanasema watakata nyama sehemu ya juu ya mguu huohuo waizungushe ifunike. Mtoto wa jirani aliunguzwa na uji, akapandikizwa ngozi ya paja akapona. Kwa nini wasimfanyie mdogo wangu hivyo? Mama anasema wakikata tena, mguu utaisha nguvu. Anataka arudi nyumbani tutumie dawa ya kienyeji."

Marahaba. Naandika nikimfikiria mama zaidi kuliko wewe, maana najua fomu ya upasuaji husainiwa na mgonjwa lakini uamuzi hutoka jikoni. Umsomee taratibu, na akikatiza, mwache akatize.

Tuanze na mtoto wa jirani. Ngozi aliyopandikizwa ilibanduliwa pajani kwa kisu maalumu, nyembamba kiasi kwamba ukiishika kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Inatoka pajani ikiwa haina mshipa wowote unaoilisha. Saa 48 za kwanza inaishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda, kama gozi la kufungia kidonda linavyofyonza. Kati ya siku ya tatu na ya tano mishipa midogo ya kidonda inapanda na kuungana na ile ya ngozi, na hapo ndipo tunasema imeshika. Kwa hiyo kila kitu kinategemea udongo. Kidonda cha moto kikisafishwa vizuri huwa chekundu, kinatoka damu ukikigusa, na ngozi inashika. Mfupa uliovuliwa utando wake hauna cha kumpa mtu. Kano lililo tupu ni hivyohivyo, na chuma ndiyo kabisa. Kupandikiza ngozi juu ya mfupa mweupe mkavu ni kupanda mchicha juu ya bati. Siku ya tano unafungua bendeji unaikuta imekauka kama ganda la kitunguu, na paja umeshalijeruhi bure.

Mahali penyewe alipoumia ndugu yako ndipo pabaya kuliko pote mguuni. Paja lina nyama tele. Jeraha likiwa chini ya goti, tunaweza kuushusha msuli wa shavu la mguu ukafunika. Katikati ya ugoko kuna msuli mwingine ulio chini yake, nao unafika. Lakini theluthi ya chini, kuanzia pale soksi fupi inapoishia hadi kifundoni, ni ngozi, kano na mfupa. Mpapase mwenyewe mguu wake mzima utaona. Hakuna nyama ya jirani ya kuazima.

Ndiyo maana wamekuambia nyama itoke juu, izungushwe. Tunaiita flapu, na hii ya ndugu yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ni flapu ya perforeta. Jina linatisha, jambo lenyewe mtu wa mlimani analijua tangu utotoni. Kama una shangazi Kibosho au Machame, umeshauona mfongo, mfereji wetu wa maji wa Kilimanjaro. Maji yanatolewa kwenye korongo kuu, yanapitishwa kwenye mfereji ubavuni mwa mlima, kisha kila kihamba, yaani shamba la familia, kina tundu lake la kuchepushia. Mguuni korongo ni mishipa mitatu mikubwa ya damu inayoshuka kutoka gotini, imejificha ndani kabisa, pembeni ya mifupa. Njiani kila mmoja unatoa vijimishipa vinavyopanda juu, vingine vinatoboa msuli, vingine vinapita kwenye mwanya kati ya msuli na msuli, hadi vinafika kwenye mafuta na ngozi. Hivyo ndivyo perforeta, mishipa mitoboaji. Mzuri una unene wa milimita moja hivi. Taylor na Palmer wa Australia, katika kazi yao ya mwaka 1987, walihesabu wastani wa mishipa 374 ya aina hii katika mwili mmoja, wakiacha ile myembamba kupita kiasi, na kila mmoja una kihamba chake cha ngozi unachokinywesha.

Ukishalijua hilo, mengine yanafuata. Ukiupata mshipa mtoboaji ulio hai karibu na kidonda, unaweza kuikata ngozi ya kihamba chake pande zote, ukaiinua ikiwa imeshikwa na uzi huo mmoja tu, na ukaipeleka mahali penye shida. Inahama na maji yake. Haihitaji kuomba kitu kutoka kwenye mfupa. Yenyewe ndiyo inayoupelekea mfupa damu.

Hapa ndipo penye jibu la mama. Zamani, na mimi nilifundishwa hivyo, tuliamini ukitaka ngozi yenye damu ya uhakika lazima uichukue na msuli ulio chini yake. Msuli ukiondoka, nguvu fulani inaondoka nao. Mwaka 1989 Wajapani wawili, Koshima na Soeda, walionyesha kwamba ngozi na mafuta ya tumbo vinaweza kuchukuliwa kwa mshipa mtoboaji peke yake, msuli ukaachwa mahali pake. Cha kuchekesha ni kwamba ramani ya mishipa hiyo ilikuwepo miaka mia kamili kabla yao: Mjerumani aliyeitwa Carl Manchot aliichora mwaka 1889 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, bila hata eksirei, maana eksirei zilikuwa hazijagunduliwa. Kwa hiyo mwambie mama: hawatakata msuli. Watachukua ngozi, mafuta na utando mgumu ulio chini yake. Misuli ya kutembelea na kukanyagia breki inabaki yote. Ndugu yako akija kuchechemea, chanzo kitakuwa mfupa na kifundo kilichokaa muda mrefu bila kukunjwa. Flapu haitahusika.

Nikueleze watakavyofanya, mpunguze woga.

Siku moja kabla au asubuhi yenyewe, daktari atakuja na kifaa mfano wa kalamu nene kinachoitwa dopla. Atapaka jeli kidogo, atakipitisha polepole upande wa ndani wa mguu, nyuma ya ukingo wa mfupa, na mtasikia sauti: shwaa, shwaa, shwaa, kwa mapigo ya moyo. Kila inaposikika kwa nguvu anaweka nukta kwa kalamu ya maka. Upande huo wa ndani mishipa hii hupenda kukaa kwenye mafungu matatu, sentimita 4 hadi 9 juu ya kifundo, kisha 13 hadi 18, kisha 21 hadi 26, kwa hiyo hatafuti gizani. Lakini dopla ni mwongo kidogo. Kwenye mguu mwembamba, karibu na kifundo, mshipa mkubwa uko juujuu na unaweza kusikia sauti yake ukadhani umepata mtoboaji. Ndiyo sababu daktari mzoefu hakati mduara mzima kwa kuiamini nukta. Anakata ukingo mmoja tu, anainua ngozi kama anayefungua ukurasa, anachungulia. Akiukuta mshipa mzuri, unaopiga, wenye vena, mshipa wa kurudisha damu, pembeni yake, anaendelea. Asipoukuta, anairudisha ngozi, anashona, anahamia mpango wa pili. Waulizeni kabisa: mpango wa pili ni upi? Mara nyingi watasema flapu ya sura, si sura ya uso bali shavu la mguu, ile ya nyuma ya mguu aliyoieleza Mfaransa Masquelet mwaka 1992. Ni nzuri, na mimi nimeitumia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Daktari asiye na mpango wa pili ningemwogopa.

Mguu hufungwa mpira juu pajani damu isimwagike, ila hatuikamui damu yote kwanza kama tunavyofanya kwenye upasuaji mwingine. Tunaiacha kiasi ili vijivena vionekane vya bluu, maana mtu huona ateri, mshipa unaoleta damu, akafurahi, akasahau kwamba damu iliyoingia lazima itoke. Tukishausafisha mshipa kutoka kwenye nyuzinyuzi zote zinazoubana, sentimita mbili tatu hivi, mpira unafunguliwa. Kisha tunasubiri. Ngozi imelala pale, imepauka, imeshtuka. Tunaimwagia maji ya chumvi ya uvuguvugu, tunafunika, dakika 10, 15. Wanafunzi wangu huchoka na kuanza kupanga vyombo. Halafu unaona rangi inarudi, na kwenye ukingo uliokatwa vinatokea vitone vyekundu kimoja kimoja, hadi kwenye ncha. Bila vitone vile kwenye ncha, sizungushi.

Mzunguko wenyewe ni wa panga boi. Fikiria feni ya darini yenye mapanga mawili, moja refu, moja fupi, na mshipa ndio msumari wa katikati. Panga refu liko juu mguuni penye ngozi nzima, fupi liko upande wa kidonda. Unalizungusha nusu duara: refu linashuka kufunika mfupa, fupi linapanda kuziba sehemu ya pengo lililoachwa. Pengo linalobaki juu lina msuli mwekundu chini yake, basi hapo ndipo wanapopandikiza ngozi ya paja. Kwa hiyo ndugu yako huenda akapata vyote viwili, na jirani asiringe.

Watu wakisikia upasuaji wa plastiki wanawaza kuongeza makalio. Huku kwetu una historia nyingine. AMREF, wale madaktari wa ndege, walianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa fani hii, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na wazo lao walilizungumza hapa hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Walichokuwa wanakiona ni moto, fisi, ajali na midomo iliyopasuka. Leo ningeongeza bodaboda.

Kuna njia nyingine kubwa zaidi, ya kuchukua nyama mbali, pajani au mgongoni, kuikata kabisa na kuunganisha mishipa yake chini ya hadubini. Kwa kidonda kikubwa ndiyo njia. Inataka hadubini, watu waliofundishwa, saa nyingi mezani, na muuguzi wa kuangalia nyama kila saa usiku kucha. Kwa kidonda cha kiganja cha mtoto, naona flapu ya perforeta inatufaa sisi zaidi: miwani ya kukuza, dopla, nyuzi nyembamba, ganzi ya mgongo, na daktari asiye na haraka. Nilipoanza kazi tulikuwa tunaunganisha miguu miwili, ngozi ya mguu mzima inashonwa juu ya kidonda cha mwenzake, mgonjwa analala wiki tatu amefungwa kama mbuzi wa sikukuu. Ilisaidia wengi, lakini sitaki kuirudia kama njia nyingine ipo.

Sasa yale ambayo huenda hujaambiwa. Si kila mguu unafaa. Kama gari lilisaga ngozi ikaachana na nyama kuzunguka kidonda, mishipa mitoboaji ya pale inaweza kuwa imekatika au imejaa makovu, na daktari atalazimika kutafuta mbali zaidi. Kama ana kisukari kisichodhibitiwa, hatari inapanda. Sigara nayo. Kijana wa miaka 26 kwenye kijiwe cha bodaboda, nisikuulize kama anavuta. Nikotini inaubana mshipa wa milimita moja kama kidole kinavyobana bomba la maji. Aache leo, na asidanganye, kwa sababu nyama itamsema. Na hata kila kitu kikiwa sawa, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hupoteza sehemu ya ncha. Kufa nyama yote ni nadra zaidi, lakini hutokea.

Na kuhusu kuchelewa: Marko Godina, daktari wa Ljubljana, Slovenia, mwaka 1986 alichapisha hesabu ya wagonjwa 532 aliowafunika vidonda vya namna hii kwa njia ya hadubini. Waliofunikwa ndani ya saa 72, nyama ilikufa kwa chini ya mmoja katika mia. Waliofunikwa baada ya hapo hadi miezi mitatu, 12 katika mia. Ndugu yako yuko kwenye fungu hilo la pili, wiki ya tano. Kwa hiyo kabla ya kufunika chochote lazima waingie ndani, waukwangue mfupa hadi pale unapotoka vitone vya damu, uliokufa waondoe. Wakikuambia safari ya kwanza ni ya kusafisha tu na flapu ni siku chache baadaye, msiwalaumu kwamba wanawazungusha. Kufunika mfupa wenye usaha ni kuezeka nyumba bati jipya wakati mchwa wako kwenye nguzo.

Nitakusimulia kosa langu mwenyewe, limenifunza kuliko kitabu. Mwanamke mmoja, mkulima wa vitunguu, kidonda kama cha ndugu yako. Upasuaji ulikwenda vizuri mno, nikaondoka naimba. Saa nane usiku muuguzi mdogo, mwezi wake wa pili kazini, alipiga simu: nyama imekuwa rangi ya zambarau. Nilimuuliza ukiibonyeza inarudi kwa muda gani, akasema inarudi haraka sana, haraka kuliko mguu mwingine. Hapo nilijua damu inaingia, haitoki. Nilipofika nilikuta bendeji niliyofunga mwenyewe, imevimba na damu iliyokauka ikawa ngumu kama plasta, inakandamiza mahali mshipa ulipojikunja. Nikaikata. Nikafungua nyuzi nne. Damu nyeusi ikatoka, kisha nyekundu, na ndani ya nusu saa rangi ikarudi waridi. Tulipoteza kipande cha ncha, sentimita mbili. Bila yule binti tungepoteza yote. Tangu siku hiyo naacha dirisha kwenye bendeji na naandika kwa kalamu kubwa pembeni yake: ANGALIA HAPA.

Kwa hiyo wewe ndiye utakayekuwa jicho. Siku tano hadi saba za kwanza mguu ukae juu ya mito, usawa wa kupita moyo, na kusiwe na mto wala chuma kinachogusa upande wa mshipa. Mwombe daktari akuonyeshe ni upande gani. Apate blanketi la kutosha. Baridi ya Juni na Julai kwetu si ya mchezo, na mwili ukipoa mishipa ya ngozi ndiyo ya kwanza kujifunga. Baada ya hapo ataanza kuning'iniza mguu kitandani dakika tano, mara tatu kwa siku, akiongeza kidogo kidogo, bendeji ya kubana kiasi ikiwa imefungwa. Itavimba na kubadilika rangi akishusha, kisha itatulia akiinua. Hiyo ni kawaida.

Chakula: mtori mletee, lakini uwe na nyama ndani, usiwe ndizi na maji. Mayai, maharage, dagaa, maziwa. Mwili hauwezi kufuma ngozi kwa ndizi peke yake.

Nyama ile itakuwa imetuna, itaonekana kama andazi lililobandikwa mguuni. Baada ya miezi sita hivi wanaweza kuipunguza mafuta kama inamsumbua kwenye kiatu. Sehemu kubwa yake itakuwa haina hisia, basi ajihadhari na maji ya moto, na hasa ekzosi ya pikipiki, maana ataungua bila kujua.

Dawa ya kienyeji ya mama sitaidharau bila kuijua. Asali safi nimeiona ikisaidia kidonda chekundu chenye nyama. Lakini mfupa uliokufa haufufuki kwa asali, wala shubiri, wala ule unga wa kapsuli ambao najua mtu mmoja kwenye ukoo ameshashauri mumwagie. Unachofanya ni kuficha, na mfupa unaendelea kuoza chini yake. Mama akitaka kufanya jambo kwa mikono yake, mtori ni wake, na zamu ya usiku wa kwanza pia, kwa sababu akina mama hawasinzii. Mwelekeze hivi: kila saa abonyeze nyama ile kwa kidole, taratibu, aachie na kuhesabu. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili au tatu, na nyama iwe na joto la mwili. Ikipauka na kuwa baridi, au ikiwa zambarau na rangi inarudi papo hapo, amwamshe muuguzi dakika hiyohiyo. Akiambiwa asubiri raundi ya asubuhi, akatae, akae hapohapo mlangoni mpaka daktari wa zamu aitwe.